Kutumika Bila Kungoja Malipo

  

Mwezi huu tunajibu swali ambalo limetufikia kwa njia nyingi. Wengine wameuliza baada ya ibada, wengine kwenye foleni ya maji. Swali lenyewe ni hili: hapa tulipo posho ni kidogo, shitingi ya nyumba inavuja, watoto hawana viatu. Je, ni haki bado mtu kutanguliza kazi ya Mungu mbele ya raha yake? Na yule aliyetumika kanisani miaka kumi, akaimba kwaya, akafagia, akazika wafu, na maisha yake hayajabadilika hata kidogo, huyo amekosea wapi?

Tusiogope swali hili. Anayeuliza hivyo si mtu asiyeamini. Ni mtu aliyechoka, na aliyechoka anahitaji jibu, si kukemewa.

Kuna jibu moja ambalo linazunguka sana mitaani. Linasema hivi: toa, utapata mara mia. Panda mbegu ya pesa, utavuna safari ya Marekani. Usipopata, eti imani yako ni ndogo, au kuna dhambi umeficha. Jibu hilo ni tamu masikioni, lakini tuliangalie vizuri. Linafanya utumishi kuwa biashara: mimi natoa, Mungu anarudisha na faida. Tena linaumiza mara mbili. Kwanza mtu anabaki bila pesa. Halafu anabaki na aibu, kwa sababu majirani wanafikiri Mungu amemkataa. Mama ambaye faili lake la kwenda nchi ya tatu limekwama anaanza kujiuliza amefanya dhambi gani, wakati faili limekwama ofisini tu.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kutupima. Ukitoka hapa Muyinga kwenda Gitega, mji ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya Burundi, njia inapita Karusi. Na maji yenyewe yanatuunganisha na Gitega. Mto Ruvubu unapita karibu na Gitega, unateremka mpaka upande huu wa Muyinga, halafu unaingia Tanzania kuungana na Kagera. Tunaishi kwenye nchi ambayo watu wake waliulizwa swali hili kwa damu. Leo tuwaangalie wawili.

Wa kwanza ni padre Michel Kayoya. Alizaliwa mwaka 1934 huko Kibumbu. Alikuwa padre, mwalimu na mwandishi. Vitabu vyake kwa Kifaransa, Sur les traces de mon père na Entre deux mondes, vilisomwa hata nje ya Burundi. Mtu wa elimu kama ile wakati ule angeweza kutafuta cheo na nyumba nzuri. Yeye alichagua kufundisha vijana na kuandika juu ya umaskini wa watu wake na heshima ya mtu.

Mwaka 1972, baada ya maasi yaliyoanza kusini mwa nchi tarehe 29 Aprili, utawala wa Rais Micombero uliwakamata na kuwaua Wahutu wengi, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, wafanyakazi wa serikali, wachungaji, mapadre. Kwa makadirio ya wengi waliokufa ni zaidi ya laki moja. Kayoya alikuwa Mhutu. Aliuawa Gitega tarehe 17 Mei 1972, hajafikisha hata miaka 40. Na tusifikiri ni habari ya vitabuni tu. Mwezi wa pili mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja huko Karusi, kwenye njia hii yetu, na kutangaza kwamba imekuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Wa pili ni askofu mkuu Joachim Ruhuna. Alizaliwa mwaka 1933. Alikuwa askofu wa Ruyigi tangu 1973, na mwaka 1982 akawa askofu mkuu wa Gitega. Wakati wake haukuwa rahisi. Chini ya Rais Bagaza serikali ililibana kanisa: wamisionari wengi wakafukuzwa, ibada za siku za kazi zikawekewa vizuizi, na mwaka 1986 hata mikutano midogo ya sala mitaani, ile inayoitwa sahwanya, ikakatazwa. Vizuizi hivyo vililegezwa baada ya Bagaza kuangushwa mwaka 1987. Halafu ikaja vita iliyoanza mwaka 1993.

Tarehe 20 Julai 1996 kambi ya wakimbizi wa ndani huko Bugendana, katika Gitega, ilishambuliwa. Zaidi ya watu 300 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto wa Kitutsi. Sisi tunaolala kambini tunaelewa maana yake bila kufafanuliwa. Tarehe 23 Julai watu walikusanyika kuzika, na Ruhuna akasimama mbele ya maiti wale na kuwakemea wauaji waziwazi. Hakuwa mtu wa kunong'ona. Wiki saba baadaye, tarehe 9 Septemba 1996, gari lake lilishambuliwa njiani akirudi Gitega. Akafa, na mtawa aliyekuwa naye akafa pia. Waasi ndio walioshutumiwa.

Angalieni basi. Kayoya alikuwa Mhutu, akauawa na utawala uliokuwa mikononi mwa Watutsi. Ruhuna alikuwa Mtutsi, na walioshutumiwa ni waasi wa Kihutu. Ukiwatazama kwa jicho la kabila utachukua mmoja na kumwacha mwingine. Ukiwatazama kwa jicho la utumishi, wote wawili wanasimama pamoja.

Sasa tuchukue lile jibu la kupanda mbegu na kuvuna, tuwapime nalo watu hawa. Walitumika, walivuna nini? Kifo. Kwa hesabu ile tungesema imani yao ilikuwa ndogo. Nani atathubutu kusema hivyo? Mwaka 2019 maaskofu Wakatoliki wa Burundi walifungua kesi ya kanisa kumtazama Kayoya na wengine kadhaa kama mashahidi wa undugu, pamoja na wale wanafunzi 40 wa seminari ya Buta waliouawa tarehe 30 Aprili 1997 kwa sababu walikataa kutengana Wahutu huku na Watutsi kule. Kwa hiyo kumbe hesabu yenyewe ndiyo mbovu. Utumishi haupimwi kwa kile ulichomletea anayetumika. Unapimwa kwa yule aliyetumikiwa: je, amebaki mtu? Je, hakuachwa peke yake?

Wengine watasema: hao ni maaskofu na mapadre, hawana mke wala watoto. Mimi niko na watoto sita na kadi moja ya posho. Ni kweli, na ndiyo maana tuangalie pia Biblia, kitabu cha Matendo ya Mitume sura ya 18. Pale tunakuta jamaa moja, Akila na mke wake Prisila. Hawa walikuwa wakimbizi kama sisi. Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi Roma, nao wakaja kuishi Korintho, mji wa wenyewe. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Mtume Paulo alikaa kwao na kushona pamoja nao, kwa sababu kazi yao ilikuwa moja. Na baadaye tunasoma kwamba kanisa lilikutana ndani ya nyumba yao.

Ona vizuri mpango wa jamaa hii. Hawakungoja kurudi Roma ndipo watumike. Hawakungoja kutajirika. Lakini pia hawakuacha kushona mahema. Mchana sindano, jioni nyumba wazi. Na Paulo, pamoja na ukubwa wake, alishika sindano mwenyewe asiwe mzigo kwa watu. Mtumishi wa leo anayekula posho ya wajane aisome sura ile tena.

Hapa tumefika kwenye neno ambalo ningependa kila nyumba ilibaki nalo. Raha yangu ni yangu, naweza kuitoa. Uji wa mtoto si wangu, siwezi kuutoa. Usingizi wangu wa alfajiri ni wangu: naamka, naenda kusali, naenda kumchotea maji mzee asiye na mtu. Jumamosi yangu ni yangu: naitoa kwa kwaya au kwa kufundisha watoto kusoma. Nguo mpya niliyoitamani, naiacha kwa ajili ya jirani aliyefiwa. Hiyo ndiyo sadaka. Lakini baba akichukua nusu ya pesa ya chakula na kuipeleka kwa mhubiri ili aombewe safari, hajatoa raha yake. Ametoa tumbo la watoto. Hiyo ni sadaka ya mtu mwingine, tena ya mtu ambaye hakuulizwa.

Yesu mwenyewe alilisema jambo hili. Katika Marko sura ya 7 aliwakemea watu waliokuwa wakisema mali yao ni korbani, yaani imewekwa kwa Mungu, na kwa njia hiyo wakakwepa kuwasaidia baba na mama yao. Mungu hapokei zawadi iliyoporwa nyumbani. Na wale wanaotaja yule mjane wa senti mbili wakumbuke: mjane alitoa vyake mwenyewe, hakulazimishwa na mtu, na hakuahidiwa gari.

Lakini upande wa pili nao tuuseme, tusijifiche nyuma ya watoto. Wako wanaosema hawana nafasi ya kutumika kwa sababu ya maisha magumu, na kila jioni wako kwenye karata. Wako wanaosema hawana cha kutoa, na pombe ya Jumapili haikosi. Watoto wasiwe kisingizio. Sisi walimu wa kujitolea tunaona jambo hili darasani: mtoto ambaye wazazi wake wanajitoa kwa wengine, hata kama ni maskini, anajifunza kumgawia mwenzake kalamu. Yule anayesikia nyumbani kila siku eti "sisi tutapata nini?" anauliza hivyo hivyo akiambiwa afute ubao.

Kazi ya kufanya iko. Mwaka 2025 watu wengi walivuka mto Ruzizi kuja Burundi wakikimbia vita ya Kivu, wengine bila hata sufuria. Yeyote kati yetu aliyefika zamani anajua usiku wa kwanza ulivyo. Kumwonyesha mgeni bomba la maji, kumsindikiza kwenye usajili, kumtafsiria Kirundi kwenye kituo cha afya, kulala na mtoto wake akiwa hospitalini: hiyo ni kazi ya kanisa sawasawa na kuhubiri. Na ndugu zetu Waislamu wanalijua hili pia kwa dini yao, kwa hiyo tunaweza kulifanya pamoja.

Kwa hiyo, kwa yule aliyetumika miaka kumi na hajaona faida, jibu letu ni kwamba hujakosea mahali. Hukupewa deni la kulipwa. Kama kuna mgonjwa aliyekufa akiwa ameshikwa mkono kwa sababu ulikuwepo, kazi yako imefika. Kama umechoka, pumzika kidogo, waambie wenzako wakupokee zamu. Hata hilo si dhambi.

Mwezi huu tunawaomba jamaa zikae pamoja siku moja jioni, baba, mama na watoto, na kujibu maswali haya matatu:

1. Katika tunavyotoa kwa ajili ya Mungu, ni nani nyumbani anayebeba uzito? Ni yule anayetoa, au ni mwingine ambaye hakuulizwa?

2. Nikijua leo kwamba sitapata chochote, si safari, si kazi, si sifa, je, nitaendelea kutumika?

3. Katika mtaa wetu ni nani aliye peke yake, na ni raha gani yangu ndogo naweza kuiacha wiki hii kwa ajili yake?

Swali la pili ni gumu. Msilijibu haraka, na msiwacheke watoto wakilijibu kwa ukweli.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya msamaha kati ya majirani waliogombana. Anayetaka kuuliza aache karatasi yake kwenye sanduku la shule, si lazima aandike jina. Mungu azilinde nyumba zenu.

Mwalimu wenu wa kujitolea