WAKULIMA WA ANDES NA SERIKALI YAO

Katika milima ya Andes, nchini Peru, upo mgodi mkubwa wa shaba uitwao Las Bambas. Wenyeji wa huko, jimboni Apurímac, ni wakulima na wafugaji wasemao Kiquechua. Tangu mgodi huo uanze kutoa shaba ya biashara mwaka 2016, wenyeji wamefunga barabara mara nyingi, na mara nyingi Serikali imetangaza hali ya hatari. Wako wasemao kwamba wakulima hao ni wakaidi wasiotaka kutawaliwa. Sisi twayakataa maneno hayo.

Na tutazame mambo yenyewe. Mpango wa kwanza ulikuwa shaba ipitishwe katika bomba. Mwaka 2014 mgodi ulinunuliwa na kampuni ya MMG pamoja na washirika wake wa China. Bomba likaachwa, yakaja malori, na vumbi lake likatanda juu ya mashamba na nyumba. Wakuu walioko Lima waliidhinisha mabadiliko hayo. Wenye mashamba walalamika kwamba hawakuulizwa. Na hali tangu mwaka 1994 Peru imeukubali Mkataba 169 wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, uamuruo wenyeji washauriwe kwanza. Walipoandamana mwezi Septemba 2015, baadhi yao waliuawa. Tena, Polisi wa Taifa wamekuwa wakifanya mikataba na makampuni ya madini, wakilipwa kwa kuilinda migodi. Kesi ya nyani amepewa ngedere.

Je, wakulima hao hawaitaki Serikali? La, hasha! Wafungapo barabara, dai lao la kawaida ni waziri atoke Lima, aketi nao, naye atie sahihi mbele yao. Mwaka 2022 watu wa Fuerabamba na Huancuire waliingia mgodini wakidai ahadi zitimizwe. Kazi ikasimama kwa zaidi ya siku 50. Ilirudi baada ya mazungumzo ambayo Serikali ilihudhuria.

Kwa hiyo ugomvi wao si juu ya kuwako kwa Serikali. Wanauliza imesimama upande gani. Kwao, Serikali ijayo na bunduki tu, bila mwalimu, mganga wala mpatanishi, ni mlinzi wa tajiri. Heshima ya dola haipatikani kwa hali ya hatari. Hupatikana pale mnyonge aonapo kwamba mwamuzi hakulipwa na mshindani wake.