Aliaye kwa Gitaa Mwacheni Alie

Wahenga walisema ukimwona simba amenyeshewa usidhani ni paka. Methali hii naiona inazifaa sana nyimbo ambazo hapa shuleni zinachekwa kila uchao: nyimbo za huzuni za makundi ya roki ya wasichana wa Japani.

Wanaozicheka wana hoja tatu. Eti Kijapani hatukielewi, basi tunalia kwa lugha gani? Eti nyimbo za huzuni zinamlegeza mwanafunzi. Tena eti gitaa la umeme na ngoma ni za wavulana, msichana ashike kayamba aitikie. Hebu tuzichambue moja moja bila jazba.

Tuanze na lugha. Wengi wetu nyimbo hizi tulizikuta kwenye katuni za Kijapani. Aliyetazama Bleach amesikia "Daidai" ya Chatmonchy ya mwaka 2007, au "Hitohira no Hanabira" ya Stereopony ya mwaka 2008, ambayo jina lake maana yake ni jani moja la ua. Kipindi kinaisha, gitaa linaingia, na chumba kizima kinanyamaza. Nani alihitaji kamusi? Jamani, Kilingala tunakijua wangapi, na rumba nani haichezi? Mtu akilia matangani huulizi kwanza ni wa kabila gani.

Isitoshe, Wajapani wana neno lao, setsunai. Ni yale maumivu ya moyo ambayo yana utamu ndani yake, kama kumkumbuka mtu uliyempenda ambaye hayupo tena. Nyimbo nyingi za makundi haya zimejengwa juu ya hali hiyo. Ajabu ni kwamba nyingine haziendi polepole hata kidogo. Ngoma inapigwa mbio, gitaa linanguruma, na sauti ya mwimbaji peke yake ndiyo inayokuambia kuwa kuna mtu ameumia.

Sasa hoja ya pili, kwamba huzuni inalegeza. Kule Japani mwaka wa shule huisha Machi na mwingine huanza Aprili, wakati maua ya miti ya sakura yanapochanua na kupukutika. Kwa hiyo nyimbo za kuagana shuleni ni nyingi sana kwao. Watu wazima wa kule hawamwambii kijana, "Nyamaza, utasahau." Wanampa wimbo.

Chukueni mfano wa kundi la ZONE kutoka Sapporo. Mnamo Agosti 2001 walitoa wimbo uitwao "secret base", nao walikuwa bado wasichana wa umri wa shule. Unasimulia marafiki wawili wanaotenganishwa likizo ya kiangazi inapokwisha, wakaahidiana kukutana tena Agosti, miaka kumi baadaye. Kundi lilivunjika mwaka 2005. Lakini 2011, miaka kumi ilipotimia, ZONE walirudi pamoja ili ahadi ya wimbo isiwe maneno matupu. Mwaka huo huo wimbo ukaimbwa upya kwenye katuni ya Anohana, inayohusu watoto waliofiwa na rafiki yao.

Mimi wimbo huu naujua kwa sababu. Muhula wa pili mwaka jana, mwenzangu wa dawati alihama ghafla baada ya babake kupoteza kazi mjini. Jumatatu nafasi ilikuwa tupu, Jumanne akakaa mtu mwingine. Hakuna aliyesema neno, wala hakuna hotuba gwarideni kwa mtoto aliyehama. Sisi wa shule ya kutwa tumezoea, mtu anaondoka kama abiria wa matatu ashukaye njiani. Niliposikiliza wimbo ule nililia, ndiyo, halafu nikaketi nikamwandikia barua ndefu. Je, kulegea ni huko? Aliyenyamaza hakuandika chochote.

Sikatai, huzuni ikizidi ni sumu. Mwenzetu akikataa chakula, akajifungia, akaacha hata kuongea, hapo si suala la muziki tena. Apelekwe kwa mwalimu wa ushauri upesi. Lakini tusiilaumu dawa kwa sababu kuna mgonjwa.

Na huzuni hiyo inaweza kufanya kazi kubwa. Princess Princess lilikuwa kundi la wanawake watano, kila mmoja na ala yake. Mwaka 1989 wimbo wao "Diamonds" uliuzwa kuliko singo nyingine yoyote Japani, na mwaka huo huo wakawa kundi la kwanza la wanawake watupu kufanya tamasha katika ukumbi wa Budokan, Tokyo. "Diamonds" ni wimbo wa furaha. Ila upande wa pili wa singo hiyo ulikuwa na "M", wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenzi ambaye bado anaikumbuka herufi ya jina lake. Maneno yake yaliandikwa na Kyoko Tomita, mpiga ngoma. Naam, mpiga ngoma!

Kundi liliachana 1996. Kisha Machi 11, 2011 tetemeko na tsunami vikaipiga kaskazini mashariki ya Japani, watu zaidi ya 18,000 wakafa au kutoweka. Wanawake wale walirudi jukwaani 2012, kwa mwaka mmoja tu, ili kuchangia waathiriwa. Sehemu ya fedha ilijengea ukumbi wa muziki mjini Sendai, uliofunguliwa Machi 2016. Nyimbo zilizoitwa za kulegeza zikasimamisha nyumba.

Hoja ya tatu nitaimaliza upesi. SCANDAL walianza Osaka mwaka 2006. Walikuwa wanafunzi wanne wa kuimba na kudansi, wakajifunza ala kuanzia sifuri. Mwaka 2023 wakatambuliwa na Guinness kwa kudumu muda mrefu bila kubadilisha hata mwanachama mmoja. Chatmonchy nao, waliotoka Tokushima, waliachwa na mpiga ngoma wao 2011. Mwanzoni wawili waliobaki hawakutafuta mwanamume wa kuwasaidia. Mpiga besi, Akiko Fukuoka, alishika vijiti vya ngoma mwenyewe, na 2012 wakatoa albamu "Henshin", yaani mabadiliko. Waliendelea hadi walipoaga 2018. Mimi hapa kwetu nikiomba kupiga ngoma naambiwa, "Wewe itikia tu." Hata kuguswa sijaguswa mkono kuonyeshwa kijiti kinashikwaje!

Na wavulana msidhani nawasahau. "Secret base" niliyoitaja ilitungwa na mwanamume, Norihiko Machida. Kumbe huzuni si ya wasichana peke yao. Nyinyi mnaoambiwa tangu utotoni kuwa mwanamume halii, mnayaweka wapi yenu? Nadhani mengine ndiyo yanayotoka kama ngumi nyuma ya darasa.

Kwa hivyo ninawaomba walimu na wanafunzi wenzangu mambo mawili. Kwanza, siku ya burudani ya mwisho wa muhula ipigwe angalau nyimbo moja ya kuwaaga wanaohama na wanaomaliza, na majina yao yasomwe. Pili, zamu ya ngoma na gitaa katika chama cha muziki iandikwe ukutani, wasichana wakiwemo. Hizo hazigharimu hata shilingi. Kama nitapiga vibaya, nitolewe kwa kupiga vibaya, si kwa kuvaa sketi.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu