ORODHA ISIFUNGIWE NDANI YA PROGRAMU

Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Nadhani wangeiona ile orodha inayoteremka kwenye dirisha la tarakilishi ukibonyeza kamshale, wangelisema neno hilo mara mbili. Jina lisilokuwemo humo haliandikiki. Unatafuta juu, unatafuta chini, mwisho unabonyeza "Wengine".

Hapa kwetu Kwale nakaa dawati moja na Mmakonde. Babu zake walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi ya mkonge, na jamii yao ikakaa miaka na mikaka bila vitambulisho, hadi serikali ilipowatambua kuwa kabila la 43 mwaka 2017. Mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Kihindi wakawa la 44, na mwaka 2023 zamu ikawa ya Wapemba. Sasa niambieni, programu iliyoandikwa mwaka 2015, makabila 42 yakapigiliwa misumari ndani yake, mwenzangu ataandikwa wapi? Serikali imemkubali, tarakilishi imemkataa!

Sisi tunaosoma Tarakilishi tunajifunza Visual Basic, na kwa maoni yangu ugonjwa unaanzia hapo. Tuseme unataka orodha ya kaunti. Njia rahisi ni kuandika AddItem "Baringo", AddItem "Bomet", AddItem "Bungoma", mpaka zote 47 ziishe, halafu unapumua. Inafanya kazi, sikatai. Lakini ukishaigeuza iwe programu kamili, majina yale yamo ndani kama kokwa ndani ya embe. Karani hawezi kuyagusa. Lazima atafutwe aliyeiandika, na huyo pengine keshahamia Nairobi na simu yake haishiki. Mimi nimeona kwa macho yangu ofisi moja ambayo dirisha lake bado linauliza mkoa, ilhali Katiba ya 2010 ilituletea kaunti, na magavana tumekuwa nao tangu 2013.

Njia ya pili ni majina yakae nje, katika jedwali la hifadhidata au hata faili la maandishi matupu. Dirisha likifunguka, programu inasoma mstari wa kwanza, inauongeza kwenye orodha, inasoma wa pili, hivyo hivyo mpaka mistari iishe. Ni mistari mitano sita ya msimbo, basi! Jamii nyingine ikitambuliwa kesho, karani anaongeza mstari mmoja na kazi inaendelea. (Ila orodha isafishwe kwanza kwa Clear. La sivyo, msimbo ukiwekwa mahali unapoitwa kila dirisha linaporudi mbele, Kenya itakuwa na kaunti 94!)

Wengine darasani husema, kwani twasumbukia nini, si kila mtu aandike mwenyewe? La hasha! Mmoja ataandika Murang'a, mwingine Muranga, wa tatu Muran'ga, na ukija kuhesabu wanafunzi utapata kaunti tatu. Orodha yatakiwa. Ninayoipinga ni ile isiyofunguka.

Na wale wanaouliza, faili likipotea je? Likipotea, programu iseme waziwazi kwamba faili halionekani, isitoe orodha tupu kimyakimya ati kila kitu ni sawa. Hilo nalo ni la kuandika, si la kuogopa.

Basi nawaomba walimu wetu wa somo hili, kwa heshima na taadhima, mnapoikagua miradi ya kidato cha nne, msitazame rangi za madirisha tu. Mwambieni mwenye mradi aongeze jina moja kwenye orodha bila kuufungua msimbo. Akishindwa, mpunguzieni alama. Mwaka ujao nami nitakuwa kwenye foleni hiyo, na sitalalamika.