Mshahara wa askari na kikapu cha mama

Juma hili tuongee juu ya pesa za askari.

Zamani mshahara wa jeshi letu ulipita mikononi mwa makomanda. Wengi walikata chao, na kwenye orodha kulikuwa majina ya watu waliokufa au wasiokuwepo kabisa. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe wa EUSEC. Ulisaidia kuhesabu askari na kutenganisha njia mbili: mwenye kutoa amri asiwe ndiye mwenye kugawa pesa. Tangu 2011 serikali ilianza kulipa watumishi wake kupitia benki.

Hayo yanatuhusu sisi. Mshahara ukiliwa juu, kamba inafungwa njiani, na wa kwanza kulipa ni mama mwenye kikapu cha mihogo. Bibi ya askari naye analala njaa na watoto kambini. Mara nyingi aliyewaibia wote wawili hayuko hata pale kwenye barieri.

Basi tufanye nini? Twende sokoni kwa kikundi. Tukidaiwa pesa, tuombe karatasi ya malipo, bila kugombana. Tukirudi, katibu aandike siku, mahali na kiasi. Jina la mama lisiandikwe. Mwisho wa mwezi wajumbe watatu wapeleke daftari kwenye oditora ya jeshi, maana askari huhukumiwa na mahakama ya jeshi.

Lalamiko la mama mmoja wataliita uvumi. Daftari la mwezi mzima ni vigumu kulikana.