Uchambuzi: Bunduki mlangoni mwa duka, Kasese na Bwera

Anayekwenda benki mjini Kasese hukutana na bunduki kabla hajamfikia karani. Askari wa kampuni binafsi husimama mlangoni, silaha begani. Mteja hupekuliwa, kisha hupita. Ndivyo ilivyo pia katika vituo vingi vya mafuta na katika baadhi ya maduka makubwa ya jumla. Ukifuata barabara ya Kikorongo mpaka Bwera na mpaka wa Mpondwe, walinzi wa namna hiyo hupungua. Huko bunduki anayoiona mpita njia aghalabu ni ya jeshi au ya polisi, na mwenye kibanda cha kutuma pesa kwa simu hulindwa na kufuli lake na majirani zake.

Nchini Marekani mjadala wa silaha madukani humhusu mteja. Jimbo la Texas liliruhusu wenye leseni kubeba bastola hadharani kuanzia Januari 2016, lakini likamwachia mwenye duka haki ya kubandika tangazo la kukataa. Walmart, baada ya watu kuuawa kwa risasi dukani mwake huko El Paso mwezi Agosti 2019, iliwaomba wateja wasiingie na silaha zinazoonekana. Uganda swali hilo limegeuzwa. Mteja haji na bunduki dukani. Bunduki ni ya upande wa mwenye mali, na raia anatakiwa kuiamini bila kuulizwa.

Kisheria, imani hiyo ina msingi. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na kanuni za mwaka 2013 zinaziweka kampuni za ulinzi chini ya usimamizi wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Tarehe 20 Juni 2018, baada ya kuuawa kwa mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Yoweri Museveni aliliambia Bunge kwamba bunduki zote zitawekewa alama za utambulisho, ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka katika mtutu gani. Hatua hiyo husaidia kumtafuta muuaji. Haimzuii askari aliyechoka, mwenye deni au mwenye hasira asiinue silaha aliyokabidhiwa asubuhi.

Mwezi Mei 2023 ulilidhihirisha jambo hilo. Tarehe 2, Charles Engola, waziri mdogo wa kazi, aliuawa nyumbani kwake na mwanajeshi aliyepewa kumlinda. Siku kumi baadaye konstebo wa polisi aliingia katika ofisi ya mkopeshaji fedha mjini Kampala na kumuua kwa risasi kufuatia mzozo wa mkopo. Polisi ilisema hakuruhusiwa kubeba silaha. Ile aliyoitumia ilikuwa ya mwenzake. Hao walikuwa watu wa vyombo vya dola, wenye mafunzo na makamanda. Mlinzi wa kampuni binafsi, ambaye mara nyingi hulipwa ujira mdogo na kukesha zamu ndefu peke yake, anatarajiwa kuwa mtulivu kuliko wao.

Katika kazi ya kutafsiri habari, neno linalonisumbua zaidi hapa ni “askari”. Uganda hulitumia kwa mlinda lango hata wanapozungumza Kiingereza, nasi hulitumia kwa mwanajeshi, polisi na bwana magereza. Watu hawa hawatii mkubwa mmoja, wala hawashtakiwi mahali pamoja wakikosea. Kwa wazungumzaji wa Kiswahili nchini humu, ambao lugha yao kwa miaka mingi ilihusishwa na kambi za jeshi na amri za vizuizini, kuchanganywa huko si jambo geni. Aliyeamriwa “simama!” enzi za Amin hakuuliza ni askari wa nani.

Bwera ina sababu zake za kutaka ulinzi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, shule ya binafsi huko Mpondwe, karibu na mpaka wa Kongo. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi. Bweni lilichomwa moto, wengine walikatwa kwa mapanga. Mlinzi wa shule alikuwa miongoni mwa waliouawa. Wakati huo jeshi la Uganda lilikuwa likiwasaka waasi hao ndani ya Kongo tangu Novemba 2021. Si rahisi kusema kwamba bunduki moja langoni ingewazuia. Lakini ni rahisi kuona kwamba ulinzi wa kukodi hufuata palipo na fedha, na bweni la watoto si hazina ya benki.

Kasese mjini kumbukumbu ni nyingine. Mwishoni mwa Novemba 2016 mvutano kati ya serikali na ufalme wa Rwenzururu, ukiwamo ule wa kutaka walinzi wa Mfalme Charles Wesley Mumbere wavunjwe, uliishia kwa jeshi kuvamia kasri. Zaidi ya watu mia moja walikufa. Katika mji uliopitia hayo, kijana aliyeshika silaha kwa niaba ya mtu binafsi hatazamwi kwa macho mepesi, hata akiwa amevaa sare safi na kuwasalimu wateja.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Bwera anayefikiria kumkodi mlinzi mwenye bunduki asiishie kuuliza bei. Aombe kuona cheti cha silaha hiyo. Aulize huyo kijana amefunzwa wapi, analipwa lini, na zamu ikiisha bunduki inalala wapi, chini ya saini ya nani.