Tiketi ya elfu kumi Tabora: rahisi kwa nani?



Kila msimu wa matamasha ukikaribia, mabishano huku ni yale yale, iwe stendi, saluni au kijiwe cha kahawa. Mmoja analalamika kiingilio kikubwa, mwenzake anamrukia: acha ubahili wewe, watu wa Dar wanalipa mara tano ya hiyo! Mimi chuo sijafika, nimeishia form four, lakini kujumlisha na kugawanya najua. Hebu tupige hesabu kwanza, kutukanana tutatukanana baadaye.

Tuchukue mwaka 2024, na tuchukue tiketi ya mfano ya elfu kumi. Sisemi ni ya tamasha gani, ni ya kupigia hesabu tu.

Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa shamba kima cha chini cha shilingi 140,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama 5,385 kwa siku. Kwa hiyo tiketi ya elfu kumi ni karibu siku mbili za jembe. Mtu wa mjini atasema siyo mbaya, siku mbili si kitu.

Sawa. Lakini Tabora siyo mjini tu jamani! Kuna Urambo, Kaliua, Sikonge, Nzega, huko ndiko waliko vijana wengi wanaoimba hizo nyimbo neno kwa neno. Kutoka Urambo mpaka mjini ni kama kilomita 90. LATRA ilipopandisha nauli Desemba 2023, basi la kawaida kwenye lami likawa shilingi 48.47 kwa kila kilomita. Zidisha: kwenda na kurudi ni kama 8,700. Ongeza tiketi, jumla 18,700. Hapo hujala, hujapanda bodaboda, na kwa kuwa shoo zenyewe zinaisha alfajiri, ama utafute gesti ama ukeshe stendi ukilinda mfuko wako. Hata tukiacha hayo yote, ni siku tatu na nusu za jembe.

Sasa linganisheni na Marekani. Ziara ya Taylor Swift iliyoitwa Eras ilianza Machi 2023 ikaisha Desemba 2024. Maonyesho 149, watu zaidi ya milioni 10, mauzo ya tiketi zaidi ya dola bilioni 2. Ukigawanya, wastani ni kama dola 204 kwa mtu mmoja. Wenzetu kule walilia na bei za tiketi mpaka basi, na Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikaishitaki Live Nation pamoja na Ticketmaster yake kwa madai ya kuhodhi soko. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa. Dola 204 ni saa 28 za kazi, yaani siku tatu na nusu.

Mmeona? Siku tatu na nusu kule, siku tatu na nusu Urambo! Najua kuna atakayesema nimechanganya, kwamba wa kule sijamhesabia nauli. Kweli kabisa. Lakini pia majimbo mengi ya kule yanalipa zaidi ya hiyo 7.25, na huku kwetu vibarua wengi hiyo 140,000 walikuwa wanaisikia redioni tu. Hoja yangu iko palepale: tiketi inayoitwa rahisi ina jasho lile lile la tiketi iliyoliza dunia nzima. Tofauti ni kwamba kilio chetu hakiandikwi popote.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu ni njia, na hii njia ina historia. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa hapa Unyanyembe, na kila ilipoingia kwenye himaya ya mtemi ililipa hongo, kwa nguo na shanga. Enzi hizo hongo ulikuwa ushuru wa njia, na Ugogo ndiko kulikoogopwa zaidi. Kila hongo iliyolipwa iliongezwa kwenye bei ya bidhaa, kwa hiyo aliyekaa mbali ndiye aliyelipia wote. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji alipopigana na Waarabu wa Tabora, na ushuru ulikuwa sehemu ya ugomvi ule.

Leo msafara ni malori ya jukwaa na spika. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 800. Kuna mafuta, jenereta, hoteli za wasanii na watu wao, ulinzi, kibali cha BASATA, kodi, na uwanja wenyewe wa Ali Hassan Mwinyi, ambao ni mali ya CCM. Simtuhumu mtu wizi hapa, gharama hizo ni za kweli. Ila zote ni za usiku mmoja tu, kesho yake msafara umeondoka. Zamani Kiko Kids na Tabora Jazz walikuwa wakazi wa mji huu. Mwanamuziki wa aina ya Shem Karenga alikuwa anatoka nyumbani anakwenda ukumbini, hakuna lori wala hoteli ya kumlipia.

Sasa nani anayelipia hayo malori? Tiketi yako peke yake haiwezi. Angalieni Fiesta ya Clouds: kwa miaka ilibeba jina la bia ya Serengeti, baadaye ikabeba jina la Tigo, kampuni ambayo Novemba 2024 ilibadili jina ikawa Yas. Mdhamini hatoi sadaka. Anatafuta wanywaji na laini za simu, na sisi uwanjani ndio bidhaa anayoinunua. Siyo dhambi, biashara ni biashara. Lakini maana yake ni kwamba anayeamua msafara upite wapi siyo mimi wala wewe. Siku akihesabu wateja wa Tabora akaona hawamlipi, malori yatapitiliza Mwanza, na hapo hata tiketi ya buku mbili haitatusaidia. Mimi hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko bei ya mlangoni.

Kwa hiyo nina mapendekezo mawili, na yote hayahitaji muujiza.

Kwanza, shoo za mikoani zianze saa nane mchana ziishe saa kumi na mbili jioni. Wa Urambo na Sikonge wawahi gari la kurudi, gharama ya gesti ife, na dada zetu wasilale stendi.

Pili, mdhamini anayeweza kupaka malori rangi zake anaweza pia kukodi mabasi kutoka wilayani, tiketi na nauli vikauzwa pamoja. Usafiri unaweza kuwa sehemu ya shoo: Desemba 2019 Diamond alikwenda Kigoma kusherehekea miaka 10 ya muziki wake akiwa na treni ya Reli ya Kati, reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kama msanii anaweza kuwafuata watu na treni, shabiki naye anaweza kuletwa na basi.

Wapo watakaosema burudani siyo lazima, mkalime. Jamani, huku tunalima! Kijana wa tumbaku anasubiri malipo ya chama cha msingi mara moja kwa mwaka, na mara nyingine yanachelewa. Akitaka usiku mmoja wa kuimba na wenzake, asionekane mjinga wa matumizi.

Nawasilisha. Anayeona hesabu yangu imekosewa alete yake. Na nyie wa Urambo, Kaliua na Nzega, semeni shoo ya mwisho mliyoijia mjini iliwagharimu shilingi ngapi mpaka mkarudi nyumbani.