Bushi za poliyurethani ndiyo, maunti ngoja kwanza

Leo tuache kompyuta kidogo tuingie chini ya gari. Siku hizi vijana wenye magari ya mtumba kutoka Japani wanaambiana hivi: raba zikichoka, ng'oa zote uweke poliyurethani, kuanzia bushi za sasipensheni hadi maunti za injini. Mimi nakubaliana na nusu ya ushauri huo. Na hiyo nusu ninayoikubali, nasema uifanye kwa mikono yako mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Poliyurethani ilitoka kwa wanakemia wa Ujerumani waliokuwa wakifanya kazi na Otto Bayer mwaka 1937. Inaweza kutengenezwa iwe laini kama sponji ya godoro au ngumu kama gurudumu la toroli. Ugumu wa vitu kama hivi hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Raba ya kiwandani kwenye gari la kawaida huwa kati ya 50 na 70 hivi, na bushi nyingi za poliyurethani huwa 80 kwenda juu.

Sasa, bushi ya raba inafanyaje kazi? Raba imegandishwa kwenye bomba la chuma ndani na jingine nje. Mkono wa chini wa gurudumu ukipanda na kushuka, raba haizunguki, inajisokota. Ndiyo maana bolti yake lazima ikazwe gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ukiikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, basi ukishusha gari raba inakuwa imesokotwa tayari kabla hujaenda popote, na inapasuka mapema. Gereji moja ilinifanyia hivyo hivyo: bushi mpya, bolti zimekazwa gari likiwa juu, na baada ya miezi michache raba zikachanika. Nilipouliza nikajibiwa ati barabara zetu ni mbaya. Barabara ni mbaya kweli, lakini hiyo haikuwa kosa la barabara!

Bushi nyingi za poliyurethani hazikugandishwa. Zinazunguka juu ya bomba la ndani, na ndiyo sababu zinahitaji grisi. Kwa mtu anayefanya kazi nyumbani kuna faida nyingine kubwa: nyingi huja vipande viwili unavyoweza kuvisukuma kwa mkono au kwa jiliwa, bila ile mashine kubwa ya kugandamiza. Gari likiingia Kenya linaweza kuwa na umri wa hadi miaka 8, kwa hivyo raba zake zimeshazeeka kabla hazijaonja shimo au tuta letu hata moja. Ukiweka bushi ngumu kidogo mbele, usukani unaacha kuyumba na gari halivuti upande ukifunga breki. Gharama yake ni mtikisiko kidogo zaidi kutoka barabarani. Hiyo naweza kuilipa.

Kazi yenyewe, kwa ufupi:

1. Legeza nati za gurudumu, inua gari mahali tambarare, kisha liweke juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake. Mawe na magogo pia hapana. Hapa ndipo watu hufa.

2. Toa mkono wa chini. Ng'oa raba ya zamani kwa kuitoboa kwa drili, halafu kata bomba la nje kwa msumeno wa chuma bila kuujeruhi mkono. Lakini soma maagizo kwanza, kwa sababu bushi nyingine hutumia lile bomba la zamani.

3. Paka grisi iliyokuja na bushi, au ya silikoni. Ukiweka kavu, gari litalia kama kitanda cha zamani.

4. Kaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari. Baada ya hapo peleka gari likapimwe magurudumu, kwa sababu mkao wake umebadilika.

Angalizo moja: bushi ambayo hujipinda pande nyingi kwa wakati mmoja, kama zile za baadhi ya mikono ya nyuma, isiwekwe poliyurethani. Raba inakubali kupindwa kila upande, lakini poliyurethani inakwama, na kilichokwama mwishowe huvunja kingine.

Tuje kwenye maunti, ambako mimi na vijana tunaachana. Maunti ina kazi mbili: kuishika injini na kuutenga mtikisiko wake usifike kwenye bodi. Chukua injini ya silinda 4 za mstari, ikizunguka mara 750 kwa dakika gari likiwa limesimama. Inachoma mafuta mara 2 kwa kila mzunguko, yaani mapigo 25 kwa sekunde. Hayo mapigo raba huyameza. Ukiweka maunti ngumu yanapita moja kwa moja hadi kwenye kiti, usukani na dashibodi. Kwenye gari la mashindano hilo si neno. Kwa mtu anayekaa saa nzima kwenye foleni ya Thika Road kila jioni, ni adhabu aliyoinunua kwa pesa yake.

Kama injini yako inatikisika mno ukikanyaga mafuta, badilisha maunti iliyokufa kwa nyingine ya raba. Ukitaka ugumu, weka poliyurethani kwenye ile moja tu inayozuia injini kupinduka mbele na nyuma, haibebi uzito mwingi. Badilisha moja moja, injini ikiwa imeshikiliwa na jeki kupitia ubao mpana chini ya sampu ya oili.

Hapo kwenye "moja moja" ndipo kazi yangu ya programu inapoingia. Ukibadilisha vitu vitano siku moja na mfumo ukaanza kulia, hujui umuulize nani. Ukibadilisha kimoja na kukijaribu, unajua. Fundi anayelipwa kwa siku hana muda wa kuendesha gari lako wiki nzima kati ya bushi moja na nyingine. Wewe unao. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kujifanyia, kuliko hata pesa utakayookoa.

Ugumu si ubora, jamani. Kabla ya kung'oa raba yoyote, jiulize iliwekwa pale ifanye nini. Wewe gari lako umelibadilisha wapi, na bado unaweza kunywa chai ndani yake bila kujimwagia?